Taarifa Chini ya Mlango

Jumatatu, 18 Agosti

Dada kapiga simu saa moja asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki. Salamu zilikuwa fupi. Kauliza kama wapangaji nimeshawapa notisi ya kodi. Nikasema nimeshaanza. Si uongo. Nimeshaanza kuogopa.

Niandike vizuri nisije nikajichanganya. Nyumba ni ya marehemu baba, sasa ni yetu wawili, mimi na Dada. Yeye anaishi mji mwingine na mumewe. Mimi ndiye msimamizi, na kwa kazi hiyo nakaa chumba cha mbele bila kulipa. Nyuma kuna vyumba vitatu vya wapangaji. Mkataba alioandika baba unasema kodi hubadilika mara moja tu kwa mwaka, tarehe mosi Novemba, na kila mpangaji apewe notisi ya maandishi miezi miwili kamili kabla, mkononi, naye asaini kwamba ameipokea. Maana yake mwisho ni tarehe 31 Agosti. Ikipita hapo, kodi inabaki ile ile mwaka mzima. Mwaka jana ilipita. Mwaka juzi pia ilipita, lakini mwaka juzi nilikuwa na mafua.

Dada kasema safari hii ni asilimia kumi, barua tatu, saini tatu, na tarehe 31 anakuja mwenyewe kuzichukua. Asipozikuta, usimamizi anauhamisha. Sikuuliza anauhamishia kwa nani. Najua. Kwa Shemeji! Mtu mwenye mashine yake mwenyewe ya kutoboa karatasi! Na mimi nitakwenda kulala wapi?

Siku kumi na tatu, barua tatu. Hata mtoto angeweza. Shida ni kwamba hawa watu nawajua. Nakunywa chai yao. Nawaambiaje?

Barua nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na pole tano, na kodi nilisahau kuitaja. Ya nne ina pole mbili na sentensi hii: "Huenda ikawezekana kodi ikasogea kidogo." Nimeridhika nayo. Ni kali, lakini ina utu. Nimeinakili mara tatu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeanza na Mwalimu, chumba namba moja. Mzee mstaafu, msomi, mtu wa kuelewa. Nimepiga moyo konde, nimevaa shati la mikono mirefu, nimetoka. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua sita.

Nimemkuta uani anasoma gazeti, kalamu nyekundu mkononi. Huwa analisahihisha. Anasema asipolisahihisha itaonekana amekubaliana nalo. Kaniita kijana, ingawa mwezi wa pili nilitimiza miaka arobaini na sita, kauliza nina shida gani. Barua ilikuwa mfukoni. Nikaishika. Nikasema nimekuja kumjulia hali tu.

Kasema hali nzuri, isipokuwa mfereji wa paa. Unaning'inia juu ya dirisha la chumba namba mbili na siku moja utamwangukia mtu. Nikasema nitautengeneza. Kauliza lini. Nikasema wiki hii. Kaandika pembeni mwa gazeti, na tarehe kaweka.

Kwa hiyo nimekwenda kupandisha kodi, nimerudi na kazi. Barua nayo imelowa jasho.

Jumatano, 20 Agosti

Wazo! Nani kasema lazima nionane nao? Milango yote ina nafasi chini. Barua inaingia, mtu anaisoma kwa wakati wake, anakasirika peke yake, hasira inaisha, ndipo tunakutana. Saini nitaiomba wakishazoea.

Nimechagua saa sita mchana. Mwalimu kaenda kununua gazeti. Mama Cherehani wa namba mbili, anayeshona sare za shule, kaenda kununua uzi. Mlinzi wa namba tatu hulinda ghala usiku na kulala mchana, kwa hiyo yupo lakini hayupo. Nimesukuma barua tatu kwa mpigo mmoja, nikakimbia chumbani, nikafunga kwa ufunguo, nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Kufika jioni mambo yakawa hivi. Mlinzi ameziba chini ya mlango wake kwa tambara ili mwanga usimsumbue. Barua iliingia nusu, ikakwama, upepo ukaichukua. Nimeikuta inaelea kwenye beseni la nguo. Beseni langu.

Mama Cherehani ndiye kanimaliza. Yeye huchora vipande vya nguo kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, anakata, anabandika kwa pini juu ya kitambaa. Muhula uko mlangoni, mteja juu ya mteja, hana nafasi ya kusoma kinachookotwa sakafuni. Nilipopita dirishani kwake nikaona kola ya mtoto wa darasa la kwanza imeandikwa "huenda ikawezekana".

Na Mwalimu kairudisha. Kaisukuma chini ya mlango wangu, mimi nikiwa ndani nimebana pumzi! Imejaa wino mwekundu. Juu kaandika saba kwa ishirini. Pembeni: "Tarehe iko wapi? Barua isiyo na tarehe haijaandikwa." Kwenye "kodi ikasogea" kaandika: "Isogee iende wapi?" Chini kabisa: "Rudia. Ulete mkononi, nami nitasaini."

Nimeisoma mara kumi. Ulete mkononi! Hicho ni kitisho. Anataka nimsogelee.

Ijumaa, 22 Agosti

Shemeji kaja. Anasema alikuwa anapita tu. Mtu wa mji mwingine anapitaje? Kaja na faili lenye vigawanyo vya rangi, na futi ya chuma ile ya kujikunja. Kanisalimia kwa upendo, na hapo ndipo roho ilipoanza kwenda mbio. Kanywa chai. Kisha kaomba ruhusa, kasimama, kapima dirisha la chumba changu, urefu na upana, kaandika kwenye faili. Nikauliza anapima nini. Kasema nisiwe na haraka, nitaona.

Nitaona!

Halafu kaniuliza kama jua la asubuhi huingia sana humu. Huyu keshahamia. Kichwani mwake meza imeshawekwa pale chini ya dirisha, na mashine ya kutoboa karatasi iko juu yake.

Alipoondoka kasahau futi. Nimeificha chini ya godoro. Ajaribu sasa kupima!

Jumamosi, 23 Agosti

Wazo kubwa kuliko yote. Nimeamka nalo kichwani, limekamilika. Ninachohitaji mimi si wao kujua. Ninachohitaji ni saini.

Nimechukua karatasi kubwa. Juu nimeacha nafasi tupu ya kiganja kizima. Katikati nimeandika "Matengenezo Yanayotakiwa", chini nimechora mistari mitatu ya saini. Kila mtu anaandika ubovu wa chumba chake na kusaini. Nani atakataa kutengenezewa? Kisha ile nafasi ya juu naijaza mwenyewe, chumbani, kwa utulivu: notisi, asilimia kumi, tarehe. Karatasi moja, saini tatu. Kuna sauti ndani yangu iliyosema huu ni udanganyifu. Nikaijibu kwamba ni suala la mpangilio wa karatasi tu.

Wamefurahi hadi nikaona vibaya. Mama Cherehani kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kasema marehemu baba angekuwepo leo angetembea kifua mbele. Mlinzi kaamka kabisa, macho mekundu, kaandika bawaba ya mlango, kasaini, karudi kulala huku anatabasamu. Ikabaki saini ya Mwalimu.

Mwalimu kaitazama karatasi. Kaitazama ile nafasi ya juu. Kanitazama mimi. Kasema karatasi haina mpango, nimwachie aiandike upya vizuri. Ningesema nini? Nimemwachia.

Jumatatu, 25 Agosti

Kaileta. Nakala mbili, mwandiko wa ubaoni, wote watatu wamesaini upya. Na kila palipokuwa na nafasi tupu, juu, chini na pembeni, kapiga mstari kutoka kona hadi kona. Kasema ni mazoea ya kazi tu, asije mtu akaongeza neno. Kanitazama tena.

Kisha kanipa kalamu nisaini kwamba nimepokea. Mama Cherehani alikuwa nyuma yake, futi ya kitambaa shingoni. Mlinzi kasimama mlangoni kwake kajifunga shuka. Wote wanatabasamu kama wanaopigwa picha ya ukoo. Nimesaini. Nakala zote mbili! Mwalimu kaandika tarehe, kakunja ya kwake, kaitia mfuko wa shati na kuupigapiga.

Sikusoma. Mtu anasomaje huku anaangaliwa?

Jumanne, 26 Agosti

Nimesoma.

Kifungu cha tatu: matengenezo yote yakamilike kabla ya tarehe mosi Novemba, na kodi isipande kabla hayajakamilika. Kifungu cha nne: msimamizi amepewa notisi hii mkononi, miezi miwili kamili kabla, naye amesaini mbele ya mashahidi.

Mimi! Mimi ndiye niliyepewa notisi! Nilitafuta saini tatu wiki nzima, nimetoa mbili za kwangu!

Zimebaki siku tano na Dada ataiona karatasi hii. Hapo hapo nikaamua: nitengeneze mwenyewe, leo, nianze na mfereji. Nimeazima ngazi. Mfereji ulikuwa umeshikwa na msumari mmoja na huruma ya Mungu. Nimeugusa. Nasisitiza, nimeugusa tu. Umeshuka wote, na maji yaliyotuama humo tangu sijui lini, na majani yaliyooza, moja kwa moja kupitia dirisha la namba mbili, juu ya lundo la mashati ya shule yaliyokwisha kupigwa pasi. Mashati arobaini.

Mama Cherehani hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kanitazama pale juu ya ngazi, kasema atayafua yeye, ila kesho saa mbili nije, pasi ipo.

Jumatano, 27 Agosti

Nimepiga pasi tangu saa mbili hadi saa kumi. Unaanza na kola, kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Nilikuwa naanza na kifua maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Chumba ni kidogo, nusu yake vitambaa. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na goti la kulia linamsumbua. Kila akimaliza mshono anasimama, analinyoosha, anakaa tena. Kwa saa nane nzima tumekaa hatua mbili kati yetu. Nafasi kama hii siipati tena, nikajiambia. Sema.

Na nafasi akanipa mwenyewe! Kati ya shati la ishirini na la ishirini na moja kasema Mwalimu anamwambia kodi itapanda. Kasema yeye hapendi habari za kuambiwa, ndiyo maana ananiuliza mimi mwenye nyumba, ana kwa ana: inapanda au haipandi? Kuna cherehani ya umeme dukani, wenyewe wanampa aichukue na kulipa kidogo kidogo kila mwezi, na goti lingepona. Lakini ajue kwanza. Kama kodi inapanda atasubiri mwaka kesho. Hana kinyongo, kasema. Anataka tu kujua ajipange.

Barua ilikuwa mfukoni. Mpya, yenye tarehe. Nikafungua kinywa.

Nikasema haipandi. Nikasema hata hatujafikiria!

Kafurahi hadi mguu ukaacha kukanyaga. Kesho asubuhi anakwenda dukani kusaini. Mimi nikabaki nimeshika pasi pale pale nilipokuwa nimeishika. Nimeunguza shati moja.

Alhamisi, 28 Agosti

Bado naweza kuokoa jambo. Nikimpata Mlinzi leo na Mwalimu kesho, Mama Cherehani ataona wenzake wamesaini, ataelewa mwenyewe, hatutahitaji kuzungumza. Mpango mzuri. Mlinzi nitampata akiwa macho, yaani kazini.

Nimefika ghalani saa kumi na mbili jioni, anaingia zamu. Kazini ni mtu mwingine! Kofia, mkanda, filimbi. Hakunijua, au alinijua lakini kazi ni kazi. Kanipa daftari la wageni. Jina, nikaandika. Saa ya kuingia, nikaandika. Sababu ya kuja. Hapo kalamu ikagoma. Nyuma yangu dereva wa lori anapiga honi, kichwa kimetoka dirishani, ananiuliza naandika wasia au vipi. Nikaandika "salamu".

Mlinzi kasoma. Kasema salamu zimefika, kaniomba nijaze saa ya kutoka na kusaini.

Wiki hii nimesaini kuliko mtu yeyote wa nyumba ile, na hakuna hata saini moja ya maana. Niliporudi Mama Cherehani kapita dirishani kwangu akinipungia karatasi ya duka. Nikampungia na mimi.

Ijumaa, 29 Agosti

Tatizo ni mazoezi. Nani huzungumza vizuri bila kufanya mazoezi? Leo asubuhi nimesimama mbele ya kioo, nimevuta pumzi, nimesema kwa sauti ya baba: "Ndugu wapangaji, kodi inapanda!" Imetoka vizuri! Nikarudia kwa nguvu zaidi. Nikarudia mkono ukiwa hewani.

Mlango ukagongwa. Mlinzi. Ukuta wake na wangu ni mmoja. Macho nusu yamefumba, kauliza kodi ya nani inapanda. Angalia nafasi hiyo! Mtu kaja mwenyewe, kauliza mwenyewe, barua iko mezani!

Nikasema ni redio. Nikasema ni habari za nchi nyingine.

Kawaonea huruma watu wa huko, kaniomba nipunguze sauti, kaenda kulala. Redio sina.

Jumamosi, 30 Agosti

Cherehani mpya imefika kwa mkokoteni. Nimesaidia kuiingiza ndani. Ina uzito wake. Mama Cherehani kataka mimi niwe wa kwanza kuiwasha, maana mimi ndiye niliyemtoa wasiwasi. Nimeiwasha. Kapiga makofi, na Mwalimu naye kapiga, lakini taratibu, huku ananitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikajiambia mwambie sasa. Chai ikaletwa. Nikajiambia baada ya chai. Baada ya chai ikaja chai nyingine.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayeniona. Naogopa wasije wakanichukia. Baba alipopita uani watu walisimama. Mimi nikipita wananivutia kiti. Asilimia kumi ni kitu gani mbele ya kiti? Nikiwaambia, nani atanivutia kiti tena?

Kesho Dada.

Jumapili, 31 Agosti

Dada kafika saa nne, Shemeji nyuma yake na mfuko. Kauliza saini ziko wapi. Nikampa karatasi ya Mwalimu. Kaisoma yote kimya, kafika kwenye saini yangu, kavua miwani. Hakunigombeza. Katoka uani, kaomba viti.

Imechukua robo saa. Nimeangalia saa. Kawaambia kodi inapanda asilimia kumi kuanzia mosi Novemba, kawaeleza sababu, kawaambia matengenezo yao yataanza wiki hii hii na yatakwisha kabla, kama karatasi inavyosema. Kampa kila mmoja barua mkononi. Mlinzi kasema alidhani ingekuwa zaidi. Kasaini. Mwalimu kasoma, katafuta kosa, kakosa, kaandika ishirini kwa ishirini, kasaini. Kasema barua hii anaisubiri tangu mwaka juzi. Mwaka wa mafua!

Mama Cherehani hakusaini. Kaishika barua, kanigeukia. Hakumtazama Dada kabisa, kanitazama mimi. Kasema polepole, "Si nilikuuliza?"

Basi. Nyuma yake, mlangoni, cherehani ilikuwa bado na utepe wa dukani. Nikatazama viatu vyangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Dada kauliza kama ni kweli. Nikasema kwa namna fulani. Mwalimu kauliza namna gani. Nikasema ni kweli.

Dada kafikiri kidogo. Kasema nyumba ilimwambia haipandi, na neno la nyumba ni neno. Kodi ya Mama Cherehani haitaguswa hadi amalize kulipia cherehani. Pengo litazibwa na chumba cha mbele. Nikauliza chumba cha mbele kipi. Chumba cha mbele ni kimoja. Kaazima kalamu ya Mwalimu, kaandika barua ya nne hapo hapo juu ya goti, kanipa. Kuanzia mosi Novemba nami nalipa kodi. Kwa maandishi, mkononi, miezi miwili kamili kabla. Nimesaini kwa wino mwekundu.

Kisha funguo zote za nyumba kazichukua kwangu na kumpa Mwalimu. Mwalimu! Nikauliza, na Shemeji je? Shemeji kashtuka. Kasema usimamizi hautaki hata kwa dawa, mgongo wake unamtosha. Kafungua mfuko, katoa pazia. La dirisha langu. Dada alimwambia jua la asubuhi linaniamsha vibaya, ndiyo maana alikuja kupima. Alitaka iwe zawadi ya kunishtukiza.

Kaliweka mwenyewe, kwa mikono yake. Limekaa sawasawa. Akishuka kwenye kiti kaniuliza kama niliona futi yake.

Nikasema hapana.

Jumatano, 3 Septemba

Sasa mimi ni mpangaji. Na nimebadilika. Siku tatu hizi nimekaa nikatafakari, nimeona kosa langu lote lilipo: jambo linalomhusu mtu aambiwe mapema, ana kwa ana, kwa mdomo. Nimeliandika kwa herufi kubwa na kulibandika ukutani kando ya pazia. Ni rahisi mno! Sijui nilikuwa naogopa nini.

Saa tatu asubuhi Mwalimu kaniita, funguo zinalia kwenye mkanda wake. Kasema fundi wa paa anakuja kesho saa moja, atafungua bati juu ya chumba namba mbili na kuligonga siku nzima. Kwa hiyo Mama Cherehani lazima atoe vitambaa vyote na cherehani mpya leo, kabla giza halijaingia. Kaniagiza mimi nikamwambie, kwa kuwa mfereji niliuangusha mimi. Kasema nimwambie kwa mdomo. Nilipofika mbali kidogo kaniita tena, kasema kwa mdomo.

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nikaenda wima. Ni hatua tisa. Mlango umefungwa, ndani cherehani ya umeme inakwenda bila kupumzika. Tangu Jumapili hajanisemesha. Nikanyanyua mkono nigonge.

Nikakumbuka uso wake ule na barua mkononi. Nikawaza pia kwamba yuko kazini, muhula unafunguliwa Jumatatu, na kumkatisha mtu katikati ya mshono si adabu. Nikashusha mkono.

Nimerudi chumbani nikaandika. Fundi, bati, vitambaa, cherehani, saa moja. Mwandiko mkubwa, pole moja tu, na safari hii tarehe nimeweka! Mwalimu mwenyewe asingepata pa kutia wino. Nikarudi kwa kunyata, nikainama, nikaisukuma chini ya mlango hadi ikaingia yote.

Cherehani ikanyamaza. Nikasikia kiti kinasogea, na karatasi inaokotwa. Nikasubiri. Kisha nikasikia mkasi.

Vizuri. Ameipata.